Jinsi ya Kujenga Modeli ya Rola Kosta ya Mbao Ambayo Gololi Yake Inafika Mwisho

Wanaojenga modeli ya rola kosta ya mbao (reli ya burudani yenye vilima na mabonde; kwenye modeli, gololi ndiyo treni) kwa mara ya kwanza hukwama palepale. Gololi inaishiwa nguvu kabla ya kufika kilele cha pili. Au inafika, kisha inaruka hewani na kuangukia sakafuni. Au inapita vilima salama halafu inatoka nje kwenye kona. Wengi wanailaumu gundi, wanabomoa kazi yote, wanaanza upya na kuchora vilima vilevile.

Mara nyingi tatizo haliko mikononi. Vilima vimechorwa kwa macho kabla ya kupima jambo moja: gololi yako, ikipita juu ya reli yako, inapoteza kimo kiasi gani kwa kila mita. Ukishaijua namba hiyo, michoro mingi inayopendeza utaiacha mwenyewe kabla hujakata mbao.

Mwongozo huu ni wa walimu wa fizikia, wanafunzi wanaojiandaa kwa maonyesho ya sayansi, na yeyote anayependa kazi ya mbao. Tutafanya kama bustani ndogo ya michezo inayojenga rola kosta yake kubwa ya kwanza: mteremko mmoja mkubwa, kona moja iliyo juu, kilima kimoja cha kurudi, na breki.

Kitanzi, yaani duara la wima linalopindua treni juu chini, hakimo. Najua ndicho kila mtu anachokitaka, lakini hata rola kosta halisi za mbao kwa sehemu kubwa hukiepuka. Son of Beast ya bustani ya michezo ya Kings Island, jimboni Ohio, Marekani, ilifunguliwa mwaka 2000 ikiwa na kitanzi, na kabla ya msimu wa 2007 kitanzi hicho kilikuwa kimeondolewa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Plaiwudi ya mm 12, futi 8 kwa futi 2 (sm 244 kwa 61). Ni nusu ya shiti ya kawaida iliyopasuliwa kwa urefu. Hii ndiyo sakafu.
- Papi nyembamba za mbao yenye nyuzi zilizonyooka: unene mm 2, upana mm 8, urefu usiopungua mita 1. Mpe seremala mwenye mashine azipasue. Agiza nyingi kuliko unavyodhani, maana baadhi zitavunjika.
- Vijiti vya mraba vya mm 8 kwa ajili ya nguzo.
- Vipande vya mbao vya mm 40 kwa 10 kwa 5. Haya ni mataruma, yaani vipande vya kukingama ambavyo reli hulala juu yake.
- Kipande cha plaiwudi ya mm 4 kwa ajili ya kona.
- Gololi za kioo za mm 16, zote za ukubwa mmoja.
- Gundi nyeupe ya mbao, vibanio vya nguo vya kutosha, msasa namba 120 na 240.
- Jigso au msumeno mwembamba, rula ya chuma, pimamaji, penseli, na karatasi kubwa za manila.
- Kipande cha mbao ngumu chenye upana wa mm 10 kamili. Nitakiita kipimo cha pengo, na usikipoteze.
- Simu yenye uwezo wa kupiga video ya mwendo wa polepole.

Chagua papi kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Ishike kwenye mwanga uangalie nyuzi. Zikikimbia kwa mshazari na kutokea ubavuni, papi itavunjika mara tu ukiikunja. Yenye fundo itupe.

Tahadhari: Vaa miwani unapotumia jigso. Gololi usiziache karibu na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Na usithubutu kuikuza modeli hii ili ibebe mtu. Rola kosta halisi hupigiwa hesabu na wahandisi waliosomea kazi hiyo, kwa kufuata viwango kama EN 13814 cha Ulaya au ASTM F2291 cha Marekani.

## Hatua ya 1: Tengeneza reli ya majaribio

Usiguse sakafu bado. Tengeneza kipande cha reli cha mita 2 kilichokunjwa kama bakuli refu, ncha zote mbili zikiwa juu kwa sm 40 na katikati ikigusa meza. Rundo la matofali kila upande linatosha kushikilia ncha.

Kila reli ina papi mbili zilizolaliana. Paka gundi, laza ya pili juu ya ya kwanza, bana kwa vibanio ukiwa umeshaikunja, kisha iache usiku kucha. Ukiigundisha ikiwa imenyooka, tabaka mbili zikishashikana zitagoma kukunjika.

Kwa nini papi mbili? Gololi ya mm 16 ikikaa juu ya pengo la mm 10 huzama karibu mm 1.8 chini ya uso wa reli. Papi moja ina mm 2 tu. Tone dogo la gundi juu ya taruma linatosha kuikwaruza gololi, nawe utahangaika kutafuta tatizo lisiloonekana. Papi mbili zinakupa mm 4, na gololi inapita bila kugusa kitu.

Viungo vya papi ya juu visikutane na vya papi ya chini. Vipishane kwa sm 15 au zaidi. Rola kosta halisi za mbao hujengwa hivyohivyo. Reli yake ni mbao nyembamba zilizopangwa kwa tabaka, kwa kawaida nane, viungo vikipishana, na juu kabisa hulazwa bamba la chuma ambalo magurudumu hupita juu yake.

Gundisha reli zote mbili juu ya mataruma kila baada ya sm 8, na kila mara upenyeze kipimo cha pengo katikati yake.

Umefaulu kama: kipimo cha pengo kinateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama na bila kulegea. Pengo likipanuka, gololi huzama zaidi na kujibana katikati ya reli mbili, na msuguano unaongezeka.

## Hatua ya 2: Pima upotevu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Achia gololi upande mmoja bila kuisukuma. Weka alama pale inapofika upande wa pili kabla ya kurudi. Pima kimo cha kuanzia, kimo ilichofikia, na urefu wa reli iliyopita. Rudia mara kadhaa uchukue wastani.

Tuseme umeiachia kwenye sm 36, ikafika sm 31, na njia iliyopita ni sm 180. Imepoteza sm 5 kwa mita 1.8, yaani karibu sm 2.8 kwa kila mita. Kwa usalama chukua sm 3. Namba zote zinazofuata nitazipiga kwa sm 3; wewe weka yako.

Ukipata zaidi ya sm 5 kwa mita, usiendelee. Piga msasa wa 240 kwenye kingo za ndani za reli, hakikisha viungo havina ngazi, upime tena. Usipake mafuta. Mbao itayanywa, na vumbi litanata.

Umefaulu kama: majaribio yanayofuatana yanatofautiana kwa chini ya sm 1. Yakitofautiana sana, kuna kiungo kinachoigonga gololi. Pitisha kucha juu ya reli utakisikia.

## Hatua ya 3: Chora mstari wa kimo kilichobaki

Unganisha karatasi za manila hadi upate urefu wa njia yote. Utachora kwa ukubwa halisi, si kwa skeli.

Kwanza chora mstari mmoja unaoanzia sm 60 na kushuka sm 3 kwa kila mita ya reli. Huo ndio kimo kilichobaki, mpaka wa gololi yako, na hakuna kilele kitakachouvuka. Sasa chora njia chini yake, kila kilele kikiwa chini ya mstari kwa sm 5 au zaidi.

Kwenye sakafu yetu njia inakuwa hivi:

- Kuanzia: sm 60.
- Bonde la kwanza: sm 5.
- Kona ya juu: sm 45. Gololi imesafiri karibu mita 2.5, kwa hiyo kimo kilichobaki ni sm 52.5. Iko chini ya mstari kwa sm 7.5.
- Bonde la pili: sm 5.
- Kilima cha kurudi: sm 25. Imesafiri karibu mita 4.5, kimo kilichobaki ni sm 46.5.
- Breki: sm 5 hadi mwisho.

Utajiuliza kwa nini kilima cha kurudi kiwe cha sm 25 wakati nguvu iliyobaki ingetosha sm 40. Kwa kimo, ungeweza. Lakini sakafu ina mita 2.4 tu, na kilima kirefu kinahitaji nafasi ndefu ya kupanda na kushuka kwa upole. Ukikibana kwenye nafasi fupi kinakuwa nundu ya ngamia, na hapo ndipo gololi inaporuka.

Kona nayo imewekwa juu kwa sababu hapo mwendo ni mdogo. Ukiiweka bondeni, gololi inafika ikiwa na kasi yake yote, na utalazimika kuilaza reli karibu wima ili isitoke.

## Hatua ya 4: Viringisha vilele

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, basi twende taratibu.

Gololi inayopita kileleni inataka kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka. Kinachoirudisha kwenye reli ni uzito wake peke yake. Kilele kikiwa chembamba, reli inashuka haraka kuliko gololi inavyoweza kuanguka, na gololi inabaki hewani.

Treni halisi haina shida hiyo kwa sababu ina magurudumu mengine yanayokaa chini ya reli. Mbunifu wa Marekani John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919. Ndiyo maana abiria huinuka kwenye viti vyao kileleni huku treni ikibaki njiani. Gololi haina cha kuishikilia, kwa hiyo usiige kilele ulichokiona kwenye video ya bustani ya kweli.

Kanuni ya gololi ya mm 16 kwenye pengo la mm 10 ni hii: chukua tofauti kati ya kimo kilichobaki na kimo cha kilele, zidisha kwa 1.2. Jibu ni nusukipenyo kidogo kabisa cha duara la kilele. Kitu kinachoteleza bila kuzunguka kingehitaji kuzidisha kwa 2. Gololi huenda polepole zaidi kwa sababu sehemu ya nguvu yake imetumika kujizungusha.

Kwa kilima cha kurudi: 46.5 toa 25 ni 21.5. Mara 1.2 ni karibu sm 26.

Lakini usichore sm 26. Hiyo ni kwa nukta ya juu kabisa. Gololi ikianza kushuka, mwendo unaongezeka na wakati huohuo, kwenye reli iliyoinama, uzito unaikandamiza kwa nguvu ndogo kuliko kileleni. Mara nyingi inaruka sm chache baada ya kilele, na mtu anabaki kukichunguza kilele kisicho na kosa. Ongeza nusu ya jibu: sm 26 inakuwa karibu sm 40. Pande za kilima zisizidi mwinamo wa nyuzi 30.

Nusukipenyo cha vilele vingine na cha mabonde:

- Mdomo wa mteremko wa kwanza: sm 15, mwinamo usizidi nyuzi 45.
- Kuingia kwenye kona: sm 20.
- Kutoka kwenye kona kwenda bonde la pili: sm 25, mwinamo usizidi nyuzi 35.
- Mabonde yote: sm 30.

Bondeni gololi hairuki, inakandamiza. Kwenye bonde la kwanza inasukuma reli kwa karibu mara tatu ya uzito wake. Kumbuka hilo kwenye hatua inayofuata.

Umefaulu kama: mchoro wako unaonekana mpole, hata wa kukatisha tamaa kidogo. Ukionekana wa kutisha, rudi kwenye hesabu.

## Hatua ya 5: Jenga fremu

Laza mchoro chini, weka alama kila sm 15 kwa mlalo, na kwenye mabonde kila sm 10. Kila alama ni fremu moja. Pima kimo cha reli hapo na utoe mm 9: mm 4 za reli na mm 5 za taruma. Wasioutoa unene huo hushangaa kuona kila kitu kimepanda karibu sm 1.

Kila fremu ni nguzo mbili, kijiti cha kukingama juu, kingine chini, na kimoja cha mshazari. Juu nguzo ziachane kwa sm 4, chini kwa sm 10 ili fremu ndefu zisiyumbe. Fremu zinazozidi sm 30 zipate kijiti cha kukingama katikati na mishazari miwili.

Mshazari usiuache. Fremu ya pembe nne bila mshazari hulala ubavu ukiisukuma kwa kidole. Ukishaigawa kuwa pembetatu, haiwezi kubadili umbo bila mbao kuvunjika. Kila yumbisho la fremu ni nguvu iliyotoka kwenye gololi na haitarudi.

Simamisha fremu juu ya sakafu ukianzia na ndefu kabisa. Hakikisha kila moja kwa pimamaji, kisha ziunganishe kwa urefu kwa vijiti vya kulala na vya mshazari kabla ya kuweka reli.

Umefaulu kama: ukigonga sakafu kwa kiganja, ujenzi mzima unatetemeka kama kitu kimoja. Ukisikia mlio wa kitu kilicholegea, kitafute sasa.

## Hatua ya 6: Weka reli

Loweka papi kwenye maji ya moto kwa nusu saa, uzikunje polepole juu ya fremu na kuzibana bila gundi hadi zikauke. Zikishashika umbo, ndipo uzigundishe juu ya mataruma, papi ya chini kwanza, ya juu baadaye. Gundi kwenye mbao iliyolowa haishiki vizuri, usiharakishe.

Anzia bondeni ukipanda pande zote mbili. Ukianza juu, makosa madogo yote yatakusanyikia bondeni, mahali penye mkandamizo mkubwa kuliko pote.

Pale juu, acha sm 15 za kuanzia zikiwa na mwinamo mdogo sana, na kizuizi cha kijiti unachoweza kukivuta. Gololi isiachiwe kwa vidole, kwa sababu vidole husukuma bila mwenyewe kujua.

## Hatua ya 7: Kona

Papi haiwezi kukunjika kwa ubavu, kwa hiyo reli za kona zinakatwa kutoka plaiwudi ya mm 4. Chora nusu duara mbili zenye kitovu kimoja, katikati ya pengo ikiwa sm 20 kutoka kitovuni. Hapa pengo liwe mm 9, si 10.

Gundisha reli ya ndani moja kwa moja juu ya mataruma. Chini ya reli ya nje weka papi mbili, yaani mm 4 za kuinua. Hiyo inailaza njia kwa karibu nyuzi 24, kiasi kinacholingana na mwendo wa gololi inayopita hapo ikiwa sm 6 au 7 chini ya mstari wa kimo. Pengo limepunguzwa kwa sababu upande mmoja ukipanda, umbali wa mshazari kati ya kingo mbili huongezeka; kwa mm 9 za mlalo na mm 4 za wima unapata karibu mm 10 zilezile.

Kabla ya kona na baada yake, inua reli ya nje taratibu ndani ya sm 15 kwa kabari ulizopiga msasa. Ikipanda ghafla, gololi itagonga ukingo.

Tahadhari: Mteremko wako wa kwanza ukiwa laini kuliko ulivyopima, gololi itafika konani na mwendo wa ziada. Usikimbilie kujenga ukuta wa pembeni. Ukuta unaikwangua gololi na kuinyima nguvu ya kupanda kilima cha mwisho. Ongeza papi ya tatu chini ya reli ya nje.

## Hatua ya 8: Breki

Sm 30 za mwisho zilaze bila mwinamo. Bandika kitambaa cha pamba katikati ya reli, juu ya mataruma, kikipanda polepole hadi kuigusa gololi. Mwisho kabisa weka kizuizi chenye sponji.

## Hatua ya 9: Jaribu na urekebishe

Usianze na sm 60. Achia gololi ndani ya bonde la kwanza kutoka nusu ya kimo, uone kama inapita bila mlio. Kisha panda hatua kwa hatua. Rola kosta za kweli nazo huzungushwa kwanza na mifuko ya mchanga au wanasesere waliojazwa maji kwenye viti, na hakuna mtu anayekaa hadi mizunguko hiyo iridhishe.

Piga video ya polepole kwenye kila kilele na kwenye kona. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

- Inasimama kabla ya kona: pima kimo ilichofika, ulinganishe na mstari wako. Ikiwa chini sana, kuna kiungo kibaya au fremu inayoyumba. Weka kidole kwenye kila fremu wakati gololi inapita, utaihisi.
- Inaruka baada ya kilele cha kurudi: kilele ni chembamba. Inua fremu mbili za upande wa kushuka kwa mm 5 hadi 10.
- Inatoka konani kwa nje: ongeza papi chini ya reli ya nje.
- Inaanguka konani kwa ndani: inafika polepole mno. Usiguse kona, tafuta nguvu iliyopotea kabla yake.
- Inapita asubuhi, inakwama mchana: mbao imevuta au imetoa unyevu na pengo limebadilika. Pitisha kipimo cha pengo njia yote, isipokuwa konani ambako pengo ni mm 9. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, paka vanishi nyembamba ubavuni na chini ya papi, uache kingo inakopita gololi.

Umefaulu kama: gololi inafika breki mara kumi mfululizo bila kuguswa. Mara tisa haitoshi, kwa sababu ile ya kumi inayoanguka inakuonyesha kasoro iliyo mpakani, na siku ya maonyesho itajirudia mbele ya watu.

Ukishafika hapo, fanya kile kinachofanywa kwenye bustani zenye rola kosta za mbao kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa: tembeza macho kwenye njia yote, taruma kwa taruma, ukitafuta gundi iliyoachia na kijiti kilichopasuka. Kama modeli itasafirishwa, ikate sakafu katikati kwenye sm 122, uziunganishe pande mbili kwa bolti, na reli za hapo uzifunge kwa skrubu ndogo badala ya gundi. Ukifika, kipimo cha pengo kipite kwanza kwenye kiungo hicho kabla gololi haijaachiwa.